Kamishna mpya anauliza: ligi ya besiboli ya kwenye kompyuta tuiendesheje isife msimu wa kwanza?

Swali lilivyokuja: jamaa na marafiki zake wako tisa, wote wana gemu ya Out of the Park Baseball, wanataka kuanzisha ligi yao ya mtandaoni, na yeye ndo kapewa ukamishna kwa sababu ana kompyuta yenye nguvu kuliko wenzake. Anauliza waanze na timu ngapi, watumie wachezaji wa kweli au wa kubuni, waende kwa spidi gani, afanyeje watu wasipotee katikati ya msimu, na kama wachange hela ya zawadi kwa bingwa. Ameongeza kwamba nusu yao besiboli yenyewe wameijua juzi juzi tu.

Mkuu, hongera na pole kwa pamoja. Kompyuta yenye nguvu ni sababu dhaifu sana ya kumpa mtu ukamishna, kinachotakiwa hapo ni mtu anayejibu meseji na anayefika saa aliyosema atafika, sasa kama wewe ndo huyo basi tuendelee, kama sio wewe bora uachie mapema mwingine ashike wewe ubaki na timu yako tu.

Kwanza kwa hao wageni. Hii gemu haichezwi kwa kubonyeza mpira upigwe, hapana. Wewe ni meneja: unapanga nani anaanza kurusha, nani anapiga wa kwanza mpaka wa tisa, unasajili, unaachia, unapeleka kijana timu ndogo akakomae, afu mechi kompyuta inazicheza yenyewe kwa kupiga hesabu za uwezo wa kila mchezaji. Kwenye ligi ya mtandaoni kamishna anaweka faili la ligi kwenye seva, kila mtu analipakua, anafanya mabadiliko yake, anarudisha faili dogo la timu yake, kamishna anayaingiza yote, anapiga raundi (yaani anaendesha siku kadhaa za mechi), anapandisha faili jipya. Basi, huo ndo mzunguko mzima na mtaurudia mamia ya mara, kwa hiyo chochote kinachoukwamisha hata kwa dakika kumi ni adui yenu.

Nianze na spidi japo umeiuliza katikati, maana mengine yote yanaifuata hiyo. Msimu wa kawaida wa besiboli ya Marekani ni mechi 162 kwa kila timu, na zinachezwa kama wiki 26 hivi, kuanzia mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Septemba. Ukipiga siku 7 za gemu kwa kila raundi unapata raundi 26. Mkipiga raundi kila siku, msimu unaisha ndani ya mwezi, na hapo nakuhakikishia wenye kazi na familia watachoka kabla ya msimu wa pili, kwa sababu kila siku kuna mtu kaumia, kuna mrushaji kachoka, lazima uingie. Mkipiga mara moja kwa wiki, msimu peke yake ni nusu mwaka, na kufika wiki ya nne nusu ya watu hawakumbuki hata nani anawachezea nafasi ya tatu. Mimi nasema mara tatu kwa wiki, siku zile zile, saa ile ile, tuseme Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa tatu usiku. Msimu wa kawaida unaisha ndani ya wiki tisa, ukiongeza mechi za mtoano na kipindi cha usajili inakuwa kama miezi mitatu, mtu anaona mwanzo anaona mwisho.

Ila sasa usifanye kosa la kwenda spidi moja mwaka mzima. Kuna sehemu nene na sehemu nyembamba. Kipindi ambacho msimu umeisha ndo kitamu kuliko mechi zenyewe, wachezaji huru wanatafuta mkataba, watu wanapandishiana dau, hapo punguza mwendo, piga siku tatu tatu au hata siku mbili mbili kwa zile wiki za mwanzo. Ikifika Januari ya kwenye gemu wachezaji wa maana wote wameshachukuliwa wamebaki wazee na majeruhi, ruka wiki mbili mbili bila huruma. Mechi za mtoano nazo zipige mechi moja moja au mbili mbili huku umeshirikisha skrini wote wanaangalia. Hiyo jioni moja inafunga watu kwenye ligi kuliko kanuni yoyote utakayoandika.

Na dedilaini ni dedilaini. Asiyekuwepo na lake halipo. Faili la mtu lisipofika saa tatu, raundi inapigwa na timu yake inaendelea na mpangilio wa mara ya mwisho, haijalishi ni rafiki yako wa toka utotoni, haijalishi ndo anaongoza kundi. Ukishamsubiri mmoja mara moja, wiki ijayo watakuwa watatu wanaomba "nipe nusu saa tu", afu waliotuma mapema wanaanza kujiuliza walikuwa wanawahi nini. Cha kusaidia ni kumwambia kila mtu aweke kwenye mipangilio ya timu yake kwamba msaidizi wa kompyuta ajaze nafasi ya majeruhi, hivyo hata asipotuma, timu haiingii na mtu mwenye mguu mbovu.

Kuhusu wanaopotea, weka utaratibu kabla hajapotea mtu maana baadae itaonekana unamlenga fulani. Raundi tatu mfululizo bila faili na bila taarifa, unamtumia meseji ya pembeni, sio kwenye grupu, unamuuliza tu kama yuko salama. Raundi sita, timu inashikwa na kompyuta kwa muda na inatafutiwa mtu. Aliyesema niko safarini au nina mitihani hahesabiwi, hata akikaa mwezi. Asilimia kubwa ya wanaopotea hawajachukia ligi, timu yao mbovu tu afu wanaona aibu, wameshapoteza michezo kumi na mbili ya kumi na tano hawataki utani wa kwenye grupu, mtu wa hivyo ukikaa naye ukamwonyesha namna ya kujenga upya anakaa miaka.

Timu ngapi. Mko tisa, msichukue ligi nzima ya Marekani yenye timu 30, maana hapo timu 21 zitakuwa za kompyuta na kitakachotokea ni kwamba kila mmoja wenu ataenda kuzikamua, anaipa kompyuta vijana wanne wa kawaida anachukua staa, na yule mwenye muda mwingi wa kubembeleza kompyuta ndo atakuwa bingwa. Chukueni timu 12, makundi mawili ya sita sita, wa kwanza wawili kila kundi wanaingia mtoano. Timu tatu zinabaki za kompyuta, ni viti vya akiba, akija rafiki wa rafiki ana pa kukaa bila kuvuruga ratiba. Na marufuku kabisa kubadilishana wachezaji na hizo timu tatu. Gemu ina kipimo cha kuifanya kompyuta iwe ngumu kwenye tredi, ndio, na hata ukiiweka mwisho bado mtu mjanja atapata mwanya, kwa hiyo marufuku ni rahisi kuliko kupima.

Wachezaji: wa kubuni. Najua hili wengi hawalipendi, kila mtu anataka Babe Ruth wake, yule gwiji wa zamani wa besiboli. Lakini fikiria mmeanza mwaka 1998 na wachezaji wa kweli, inafika drafti ya 1999 (drafti ni pale timu zinapopeana zamu kuchagua wachezaji wapya, raundi kwa raundi), kila mwenye intaneti anajua kwamba Albert Pujols, aliyekuja kuwa staa mkubwa, yumo humo, wakati kwenye maisha halisi timu ya St. Louis walimchukua raundi ya 13 na timu zote zilishampita mara kadhaa. Mastaa wengine nao ni hivyo hivyo, Mike Piazza 1988 alichukuliwa raundi ya 62, Nolan Ryan 1965 raundi ya 12. Raha ya drafti iko kwenye kutokujua, na nyie mtakuwa mnajua, basi ule ufundi wa kuwinda vipaji unakufa, mnabaki kugombania nani ana zamu ya kwanza. Halafu kwa wale wageni wenu wa besiboli itakuwa dhuluma kabisa maana wenzao wana majibu ya mtihani. Kwa wachezaji wa kubuni wote mnaanza sifuri. Na niamini, baada ya misimu miwili kuna jina la kubuni litakalokuwa linatukanwa kwenye grupu kama vile jamaa yupo kweli.

Kama wataling'ang'ania historia, basi angalau tumieni ile njia ya kuwachanganya wachezaji wa zama zote waingie miaka ya kubahatisha, na acheni gemu iendeleze vipaji yenyewe badala ya kufuata takwimu halisi za mchezaji mwaka kwa mwaka. Hapo Pujols anaweza kuja akawa wa kawaida tu, na kujua jina hakusaidii sana.

Drafti ya kwanza ya kugawana wachezaji inaua ligi nyingi kabla hazijazaliwa, nakutahadharisha. Piga hesabu: timu 12 mara raundi 40 ni zamu 480. Ukimpa kila mtu saa nne za kuchagua, na watu wakazitumia zote, ni siku 80 hizo, hakuna rafiki atakayebaki. Fanyeni hivi, raundi kumi za kwanza mkae wote kwenye simu ya pamoja jioni moja, dakika moja kila zamu, zamu 120 ni saa mbili. Mpangilio uwe wa nyoka, aliyechagua wa mwisho raundi ya kwanza anakuwa wa kwanza raundi ya pili. Zilizobaki kila mtu aandae orodha ya anaowataka kwa mpangilio, kompyuta igawe yenyewe usiku huo huo. Wageni waambie kitu kimoja tu cha kuwabeba: warushaji wanaumia sana, wapigaji wachanga wenye uwezo wa kukaa nafasi ngumu za ulinzi ndo mtaji.

Sasa tuje kwenye ukamishna wenyewe, hapa nitakaa kidogo.

Wewe una timu, na wewe ndo unayepiga raundi, na wewe ndo mwenye ufunguo wa kuona na kubadilisha kila kitu. Mwamba ngoma huvutia kwake, hilo watu wote wanalijua, kwa hiyo hata ukiwa malaika siku utakayoshinda mechi tatu mfululizo kuna mtu atawaza. Huwezi kuzuia watu kuwaza ila unaweza kuwanyima sababu. Raundi inapigwa mara moja tu. Sio mara mbili, sio "nilikuwa najaribu". Gemu ikipiga siku zile zile mara mbili matokeo yanakuja tofauti, na anayeweza kurudia anaweza kuchagua. Kabla ya kila raundi hifadhi nakala ya ligi, na kurudia kunaruhusiwa kwa sababu mbili tu: faili limeharibika, au faili la mtu aliyetuma kwa wakati halikuingia kwa makosa yako. Na hata hapo unatangaza kwanza kwamba narudia kwa sababu hii, afu ndo unarudia, na matokeo ya pili yanabaki hata yakiwa mabaya kwa aliyelalamika. Mtafute na msaidizi mmoja mwenye uwezo wa kupiga raundi siku ukiumwa au umeme ukikata, na mechi zako za mtoano azipige yeye. Tredi zako pia zipitishwe na wengine, wewe usijipitishie.

Tredi za watu wengine usizizuie hovyo. Hili makamishna wapya wanalikosea, anaona dili haliko sawa anaingilia, kumbe mwenzake ana hesabu zake. Kura ya kundi zima nayo mbaya, watu wanapinga dili kwa sababu tu linamwimarisha mpinzani. Chagueni watu watatu, na swali lao liwe moja, je hawa wawili wanabebana? Kama hawabebani, dili linapita hata kama ni la kijinga, ujinga ni haki ya meneja. Ila wekeni kizuizi kwenye kuuza zamu za drafti za mbele. Kwenye kikapu cha NBA, miaka ya mwanzo ya 1980 mmiliki wa Cleveland, Ted Stepien, aligawa zamu za raundi ya kwanza mpaka ligi ikaweka kanuni inayokataza timu kujiacha bila zamu ya raundi ya kwanza miaka miwili ya mbele mfululizo, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Nyie muwe wakali zaidi, zamu za mwaka unaofuata tu, basi. Maana nyie tofauti na NBA mna hatari nyingine, mtu anaweza kuuza kesho yote anunue ubingwa wa leo afu aage, na timu aliyoiacha hakuna mgeni ataipokea.

Kufungwa makusudi ili upate zamu ya kwanza nako kupo, na kwenye ligi ya marafiki kunakera kuliko ya kweli. Ligi Kuu ya Besiboli yenyewe ilianza bahati nasibu Desemba 2022, zamu sita za kwanza za drafti zinapigiwa bahati nasibu kati ya timu ambazo hazikuingia mtoano. Nyie mna timu nane nje ya mtoano, pigieni bahati nasibu zamu nne za kwanza, inatosha.

Malalamiko utakayoyapata zaidi ya yote lakini ni ya bahati. Mtu atashinda mechi 105 afu atatolewa na timu ya 84, atakuja kwenye grupu anasema gemu mbovu. Hapa waelezeni wote mapema kabla hakijawaka. Timu ambayo kwa uwezo wake halisi ni ya nusu kwa nusu, yaani 81 kwa 81, kwa bahati peke yake inaweza kupanda au kushuka mechi sita hivi na ikaonekana kawaida kabisa, 87 au 75 sio muujiza. Na timu yenye nafasi ya asilimia 55 kila mechi, ukiiweka kwenye mfululizo wa mechi saba inapita kama mara 61 kati ya 100 tu. Huo ndo mchezo wenyewe ulivyo, sio kompyuta. Seattle 2001 walishinda mechi 116 wakatolewa na Yankees nne kwa moja kabla hata ya fainali, St. Louis 2006 walishinda 83 tu msimu mzima wakabeba World Series, yaani hiyo fainali yenyewe. Anayetaka mwenye nguvu ashinde kila mara atafute mchezo mwingine, asee.

Kama mtu anataka kujua timu yake ilikuwa nzuri kweli au ilibebwa, aangalie mbio (ndo pointi za besiboli) alizofunga na alizofungwa. Bill James, mtaalamu wa takwimu za besiboli, alitoa hesabu rahisi: chukua mbio ulizofunga zidisha kwa zenyewe, gawa kwa jumla ya hiyo na ya ulizofungwa nazo zikizidishwa kwa zenyewe. Ukifunga 800 ukafungwa 700 inakuja kama 0.566, yaani mechi 92 hivi. Aliyeshinda 100 na hesabu inasema 92 asitambe sana, na aliyeshinda 84 asivunje timu.

Mambo ya fedha za kwenye gemu, masoko ya timu yawe sawa kwa wote msimu wa kwanza, isiwe mmoja ana mji mkubwa mwingine kijiji, mtaongeza ugumu mkishazoea. Timu ndogo za kukuzia vijana wekeni ngazi mbili au tatu tu, kila ngazi inaongeza mamia ya wachezaji na faili linavimba, na kuna mwenzenu mwenye intaneti ya kusuasua ambaye kila raundi atakuwa analipakua hilo faili zima. Futa ripoti za mechi za zamani kila msimu ukiisha, takwimu za msimu zitabaki. Na hii gemu hutoa toleo jipya kila mwaka, msihamie katikati ya msimu hata wakiwasifia vipi, subirini msimu uishe, hifadhi nakala, hamieni wote siku moja. Mtu mwenye toleo tofauti na la kamishna faili lake litasumbua na wewe ndo utakesha.

Hela ya zawadi: hapana. Changeni ya seva kama mnailipia, igawanywe sawa, basi. Hela ya bingwa ikishaingia, yale yote niliyosema ya kurudia raundi, tredi za kubebana, faili lililochelewa dakika mbili, yanageuka kesi, na hakimu ni wewe ambaye nawe una timu. Bingwa mpeni haki ya kubadili jina la kombe kwa mwaka mmoja, au kuchagua jina la uwanja wa aliyeshika mkia. Mtashangaa watu wanavyopigania hiyo ya pili.